Kwa Nini Ninakimbia Mbele: Barua kwa Baba na Mama

Washington, Marekani
27 Aprili 2025

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Mimi ni mzima, na masomo hapa Chuo Kikuu cha Gallaudet, chuo chetu cha viziwi, yanaendelea vizuri. Nimeusoma mara kadhaa ujumbe wa Baba unaouliza kwa nini, katika mbio za mita 5000, ninatangulia mapema badala ya kukaa nyuma ambako ningewaona wenzangu wote. Swali hilo halijibiki kwa mistari miwili ya simu, ndiyo maana nimeamua kuandika barua.

Mkimbiaji anayesikia hupata habari nyingi kutoka mgongoni kwake: vishindo vya viatu, pumzi ya anayemkaribia, sauti ya kocha. Mimi nilisikia hadi homa ya uti wa mgongo iliponipata nikiwa na miaka minane, kwa hiyo ninakijua nilichopoteza. Katikati ya kundi ninaweza kuzibwa pande zote kabla sijatambua kwamba kuna mtu. Mwezi uliopita, katika mbio tulizokimbia pamoja na wanafunzi wa vyuo vya wanaosikia, mmoja aliniomba njia kwa sauti, akadhani ninamdharau, akanipiga kiwiko, na misumari ya kiatu chake ikanichana juu ya kisigino. Kidonda kimepona, Mama, usiwe na wasiwasi. Lakini tangu siku ile nimeona kwamba mahali panaponifaa ni mbele.

Mbele nako kuna namna ya kujua yaliyo nyuma. Tunafanya mazoezi jioni, jua likiwa limeinama, na katika upande mmoja wa uwanja kivuli cha anayenifuata hunitangulia: kwanza kichwa chake hutokea karibu na mguu wangu, kisha mabega, na mabega yakishafika ninajua kwamba amebakiza hatua mbili. Nikipinda kona, vivuli vyote hurudi nyuma yetu na sioni kitu. Hapo ninamtegemea kocha, aliye kiziwi kama mimi, ambaye husimama kwenye uzio na kunionyesha kwa vidole idadi ya mita nilizowaacha wenzangu. Makelele ya watazamaji hayawezi kuufuta mkono wake, na katika jambo hilo ninawazidi wanaosikia, kwa sababu wao huwaona makocha wao wakipaza sauti bila kuelewa wanachoambiwa. Kengele ya mzunguko wa mwisho haina kazi kwangu. Mizunguko 12 na nusu ninaihesabu mwenyewe.

Baba, wewe ndiye uliyenisimulia habari za Filbert Bayi, mtu wa kwetu Karatu, aliyeongoza tangu mwanzo mbio za mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, mwaka 1974 na kuvunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2, huku John Walker akimfukuza hadi mwisho bila kumpata. Siwezi kujilinganisha naye, ila ninakiri kwamba ninapotangulia ninamkumbuka.

Ninakumbuka pia ile siku ya mita 800, nilipokuwa shuleni. Bastola ilipigwa mara ya pili kuwarudisha wakimbiaji, nami sikuisikia, nikaendelea peke yangu hadi kona ya mbali, nikiamini kwamba nimewaacha wote. Watu walicheka. Wewe ulikatiza uwanja ukiwa na viatu vya kanisani, ukanishika mabega. Hapa, kabla ya mbio, tunamwomba mwamuzi asimame ninapoweza kumwona, nami ninautazama mkono wake na mwanga wa bastola. Hata wapima muda wanaobonyeza saa kwa mkono hutakiwa kufuata moshi au mwanga badala ya mlio, maana sauti huenda takriban mita 340 tu kwa sekunde. Katika mbio fupi za viziwi huwekwa taa chini, mbele ya kila mkimbiaji, ili asiinue kichwa na kuharibu mkao wake. Natamani shule zetu zipate hata chache.

Mama aliuliza kama nitakwenda Paralimpiki. Huko hakuna mashindano ya viziwi. Sisi tuna Deaflympics, yaliyoanza Paris mwaka 1924 kwa wanamichezo 148 wa nchi 9, na mwezi wa Novemba mwaka huu yatafanyika Tokyo. Anayeshiriki lazima awe amepoteza angalau desibeli 55 (kipimo cha nguvu ya sauti) katika sikio lililo bora zaidi, na wote huvua vifaa vya kusikilizia wanapoingia kushindana. Muda wangu bado haujafikia wa kuitwa. Nimebakiza sekunde kadhaa, na ninazitafuta kila siku.

Mbio za Jumamosi nilishika nafasi ya pili. Video nimemtumia mdogo wangu kwenye simu. Naomba mwitazame pamoja, na mara ya kwanza mzime sauti.

Mwanenu awapendaye.