Mashine ya kukimbilia nyumbani: anza na mota na mkanda, skrini iache mwisho

Wateja wengi wakiingia dukani huenda moja kwa moja kwenye skrini. Ina Bluetooth? Inapiga muziki? Inaonyesha mapigo ya moyo? Sisi tunaouza na kutengeneza mashine hizi hapa Dar es Salaam tunakuomba uiname kwanza, utazame mota na mkanda. Karibu kila mashine inayoletwa kwa fundi tatizo lake liko huko chini.

Kwenye mota ndiko watu wanakopotoshwa zaidi. Utakuta stika kubwa imeandikwa HP 6, yaani nguvu ya farasi sita. Fanya hesabu: HP moja ni wati 746, kwa hiyo sita ni karibu wati 4,500. Lakini plagi ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, na kwa umeme wetu wa volti 230 inapitisha kama wati 3,000 tu. Hiyo HP 6 ni nguvu ya kilele, ya kufumba na kufumbua. Muulize muuzaji nguvu ya mfululizo, ile ambayo mota inaweza kuibeba kwa saa nzima. Kwa kutembea, HP 1.5 hadi 2 ya mfululizo inatosha. Kwa kukimbia, usishuke chini ya 2.5.

Tena usidhani mtembeaji wa taratibu haichoshi mashine. Mtu mwenye mwili mkubwa akitembea polepole huipa mota kazi ngumu, kwa sababu inavuta umeme mwingi huku feni yake ikizunguka kwa uvivu. Kwa hiyo kama una kilo 95, achana na mashine yenye kikomo cha kilo 100. Chukua ya 120 au zaidi.

Mkanda wa upana wa sentimita 40 unamfaa anayetembea. Mkimbiaji anahitaji karibu 50 kwa urefu wa 140, na mwenye miguu mirefu aongeze hadi 150, la sivyo atakimbia akiwa na hofu ya kukanyaga ukingo.

Umeme nao una mambo yake. Ukipungua nguvu, au ukikatika na kurudi kwa kishindo, bodi ya elektroniki inayoendesha mota ndiyo inayoungua, na bodi si kitu cha bei rahisi. Weka stabilaiza (kifaa cha kutuliza volti) inayobeba wati za mashine yako, ipe mashine soketi yake peke yake, na usitumie ekstensheni ya waya mwembamba. Mashine za mtumba kutoka Marekani nyingi ni za volti 120. Ukiichomeka hivi hivi ukutani, umeiua.

Sasa jambo linalotuuma: mashine nyingi nzuri zinakufa kwa kukosa mafuta. Mkanda unateleza juu ya ubao, na ubao ukikauka msuguano unaongezeka, mota inavuta ampea zaidi, bodi inapata joto hadi inaungua. Chomoa plagi, ingiza vidole chini ya mkanda katikati, pale miguu inapotua. Vikitoka vikavu, paka mafuta ya silikoni. Usipake ya kupikia wala ya cherehani, yanaharibu mkanda. Soma kwanza kitabu chake, maana zipo mbao zilizotiwa nta ambazo hazihitaji mafuta kabisa. Mkanda ukihamia kulia, kaza boliti ya nyuma ya kulia kwa alenki (ufunguo wa pembe sita), robo mzunguko tu, kisha uache mkanda uzunguke kidogo kabla ya kukaza tena. Na futa vumbi mara kwa mara, hasa kwenye nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi.

Kama nyumbani kuna watoto, ukimaliza mazoezi chomoa ufunguo wa usalama na uufiche. Mkanda unaozunguka huchubua na kuunguza mkono wa mtoto kwa sekunde moja. Nyuma ya mashine acha mita mbili wazi, pasiwe na ukuta wala kabati, maana ukiteleza unatupwa huko.

Ukija dukani, njoo na vipimo vya mlango na urefu wa dari, na uvae viatu vyako vya mazoezi. Tutakuwashia mashine, utembee au ukimbie dakika kumi kwa mwendo wako wa kawaida, kisha tutafungua kifuniko cha mbele ili uione mota kwa macho yako kabla hatujazungumza bei.