Makato yetu yanakwenda wapi?

Mhariri, assalamu alaykum. Mie nafanya kazi hoteli moja huku pwani ya kusini Unguja, mwaka wa 4 sasa, na kila mwezi slipu yangu inaonyesha nimekatwa kodi ya mshahara na mchango wa ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar), roho ikawa inatulia. Juzi mwenzetu alikuwa anakaribia kujifungua, akenda kufatilia fao lake la uzazi, akaambiwa michango yake haijafika miezi mingi, akatoka pale analia na tumbo lake, wallahi iliniuma sana.

Na sie wengine tukenda kuangalia, hali ile ile.

Tukimuuliza bosi anasema msimu mbaya wageni hakuna. Sasa pesa ishatoka mfukoni mwetu, si ya hoteli tena hiyo, ya kodi sheria inamtaka aipeleke ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, akichelewa anapigwa riba na faini, na hilo deni ni lake yeye si la mpishi wala mfagizi. Lakini mwanachama wa ZSSF akistaafu au akiumia nani atamrejeshea miaka yake?

Naomba wakaguzi wasiishie kwa meneja ofisini, watuite na sie watuulize, slipu tunazo zote. Na wenzangu mahotelini, nendeni mkaombe taarifa za michango yenu wiki hii hii, msingoje mpaka muugue.

Mfanyakazi wa hoteli,
Kusini Unguja