Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mabaki ya Angani, Nani Ayaondoe na Aanze na Yapi

Ndugu wanachama,

Habari za fedha, ada na uanachama mtazisikia kwa Mhazini na Katibu, nami sitawachosha kwa kuzirudia. Muda wangu nautumia kwa jambo lililotawala vikao vyetu mwaka mzima: mjadala wa kusafisha obiti za Dunia, yaani njia ambazo setilaiti hupita zikiizunguka Dunia, na msimamo ambao Kamati ya Utendaji inawaomba muupitishe leo.

Tuanze na kilichopo huko juu. Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ESA, linakadiria vitu 54,000 hivi vinavyozidi sentimita 10, vipande milioni 1.2 vya kati ya sentimita 1 na 10, na zaidi ya milioni 130 vidogo kuliko hivyo hadi milimita 1. Vile vikubwa vingi vinafuatiliwa kwa rada na darubini, na setilaiti yenye injini inaweza kuvikwepa. Vidogo kabisa vinazuiliwa na ngao. Balaa liko katikati. Kipande cha alumini cha sentimita 1 hakifiki gramu 2, lakini kikigonga kwa kasi ya kilomita 10 kwa sekunde kinabeba nishati ya gari la tani moja linalokwenda kilomita 40 kwa saa, yote ikimiminwa mahali padogo kama ncha ya kidole.

Vinatoka wapi? Hapa ndipo mjadala wa hadharani unapopotoka. Wengi wanadhani tatizo ni setilaiti zilizokufa zinazoelea tu, kumbe wingi wa vipande umetokana na milipuko na migongano. Januari 2007 China iliilipua kwa kombora setilaiti yake yenyewe, Fengyun-1C. Vikabaki vipande zaidi ya 3,000 vinavyofuatilika. Februari 2009 Iridium 33, setilaiti ya mawasiliano ya Marekani iliyokuwa kazini, ikagongana na Kosmos 2251, setilaiti ya Urusi iliyokwisha kufa, kwenye kimo cha kilomita 790 juu ya Siberia: zaidi ya 2,000. Novemba 2021 Urusi nayo ikaipiga kwa kombora setilaiti yake, Kosmos 1408: zaidi ya 1,500. Mbali na hizo kuna milipuko isiyo ya makusudi, pale mafuta yaliyosalia kwenye tangi yanapopata joto na kupasua kuta, au betri inapoendelea kuchajiwa na paneli za jua miaka mingi baada ya kazi kwisha. Dawa yake haina siri. Kabla ya kuzima chombo, mwaga mafuta yote, toa gesi ya shinikizo, tenganisha paneli na betri. Ni kazi inayopangwa tangu kwenye michoro. Asiyeweka vali ya kumwagia hawezi kuiongeza baadaye.

Jambo la pili linalosahaulika ni kimo. Kwenye kilomita 400 angahewa bado inaburuta, na kitu kinashuka chenyewe ndani ya miaka michache au chini ya hapo. Kwenye 800 kinakaa zaidi ya karne. Ndiyo maana Kamati haikubaliani na kaulimbiu ya “kusafisha anga” kwa ujumla wake. Kuna vitu vichache vizito, vilivyo juu sana, ambavyo vikigongana vitamwaga vipande kwa maelfu. Vinavyotutia hofu kuliko vyote ni hatua za juu za roketi za Zenit za enzi ya Kisovieti, yaani sehemu za mwisho za roketi zinazobaki kwenye obiti, kila moja ina uzito wa tani 9 hivi, nyingi zikiwa zimekusanyika karibu na kimo cha kilomita 840. Envisat, setilaiti ya ESA ya kuchunguza Dunia, tani 8, iliyokatika mawasiliano Aprili 2012, imo kwenye orodha hiyohiyo.

Wanaouliza kwa nini vitu hivyo havijaletwa chini wafuatane nasi kwenye hesabu. Hatua ya Zenit haikutengenezwa ili ikamatwe: haina mpini, haina alama za kulengea, haijibu redio. Inabiringika, na jinsi inavyobiringika hujui hasa mpaka uisogelee uipige picha. Chombo cha kukamata lazima kifuate mzunguko wa mzigo, kishike mahali pagumu, kama mdomo wa injini au pete ya kuunganishia, kisha kiutulize kabla ya kuwasha injini. Ukiwasha mapema, msukumo unakwenda kombo na mkono unavunjika. Halafu yako mafuta. Kushusha mzigo kutoka kilomita 840 hadi uzame kwenye angahewa kunahitaji kupunguza mwendo kwa mita 220 hivi kwa sekunde. Kwa mzigo na chombo vyenye jumla ya tani 10, injini ya kawaida ya mafuta ya kimiminika itakula zaidi ya kilo 700. Injini za umeme zinakula kidogo sana, lakini zinashusha polepole kwa miezi na haziwezi kuchagua mahali pa kuangukia, na kitu cha tani 9 hakiungui chote.

Majaribio yapo, na tuyasome bila ushabiki. Chombo cha majaribio cha Ulaya, RemoveDEBRIS, kilinasa shabaha kwa wavu mwaka 2018 na kuchoma nyingine kwa chusa mwaka 2019, zote shabaha zake yenyewe. Tanga lake la kujishushia halikufunguka. ELSA-d ya kampuni ya Kijapani ya Astroscale ilishika shabaha kwa sumaku Agosti 2021, kisha ikapoteza injini ndogo nne kati ya nane. ADRAS-J ya kampuni hiyohiyo, iliyorushwa Februari 2024, ilisogea hadi mita 15 kutoka hatua ya roketi ya Kijapani ya H-IIA iliyokuwa juu tangu 2009. Kwetu sisi hilo ndilo jaribio la maana kuliko yote, kwa sababu takataka ile ilikuwa ya kweli. Lakini ilikagua tu, haikushika kitu. ClearSpace-1 ya Ulaya ilipewa mkataba wa euro milioni 86 ili iondoe kipande kimoja cha kilo 112. Mwaka 2023 ikaonekana kipande hicho kimekwisha kugongwa na takataka nyingine, shabaha ikabadilishwa.

Fedha hizo zinatuleta kwenye sheria. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unaiachia nchi iliyosajili chombo mamlaka juu yake, kikiwa hai au kimekufa. Hakuna kuokota cha mwenzio. Mkataba wa Dhima wa 1972 unalipisha madhara ya ardhini bila kuuliza kosa, ndivyo Kanada ilivyolipwa dola zake milioni 3 kwa Kosmos 954, setilaiti ya Kisovieti iliyoanguka nchini humo, lakini madhara ya angani yanataka kosa lithibitishwe. Na mkono unaoweza kukamata setilaiti mfu unaweza kukamata iliyo hai. Hofu hiyo ya majeshi si ya kubeza.

Baadhi yenu mmesema usafishaji utawapa wachafuzi kisingizio cha kuendelea kuchafua. Hoja ina uzito. Marekani iliitoza kampuni ya televisheni ya Dish Network faini ya dola 150,000 mwaka 2023 kwa kuiacha setilaiti yake iliyostaafu, EchoStar-7, kilomita 122 tu juu ya obiti yake ya kazi badala ya 300 zilizotakiwa. Kiasi hicho kwa kampuni ya namna hiyo ni kama ada. Wengine mmeuliza juu ya chembe za alumini zinazobaki angahewani vyombo vinapoungua. Hilo linahitaji vipimo zaidi, na halitoshi kuwa sababu ya kuacha tani 9 zikizurura.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza chama kiunge mkono muda wa miaka 5 wa kushusha setilaiti za obiti ya chini baada ya kazi kwisha, badala ya 25; kidai kila chombo kipya kirushwe na sahani ya kushikia na alama za kulengea; na kihimize nchi zenye hatua nzito za roketi zitoe mapema kibali cha maandishi cha kuziondoa, zikianza na zilizo juu ya kilomita 750, gharama zikitoka kwenye ada ya urushaji.

Kipengele cha ada ndicho kilichoigawa Kamati. Kipigiwe kura peke yake.

Naomba kutoa hoja.