Baba ana mchumba ambaye hajawahi kumwona

Mpendwa mshauri,

Naandika kwa sababu jambo lenyewe ni zito kwa mtoto kumtajia mzazi wake, na nikiendelea kunyamaza naona baba atamalizwa.

Mama alifariki na sisi watoto kila mmoja ana kwake. Baba amestaafu, anaishi peke yake. Mwaka jana tulimwona anachangamka, tukafurahi. Baadaye akanieleza mwenyewe kwamba amempata mwenzake Facebook: mjane kama yeye, muuguzi wa shirika la misaada katika nchi yenye vita, mkataba ukiisha atakuja wafunge ndoa. Akasema, "Mwanangu, nimepata mtu wa kuniuliza nimeamkaje." Maneno hayo ndiyo yananifunga mdomo hadi leo, maana sisi wanawe tulikuwa hatumuulizi kila siku.

Picha za huyo mchumba alinitumia baba mwenyewe kwa furaha. Niliziingiza Google kutafuta zinakotoka, nikaikuta sura ileile kwenye kurasa kadhaa, kila moja ikiwa na jina tofauti. Huyo dada wa kwenye picha huenda hajui kabisa kwamba uso wake unatumika kuwaibia watu.

Pesa zilianza kidogo kidogo, za bando. Kisha ikaja habari ya mzigo wa zawadi uliokwama forodha. Baba akalipa ada, ikatakiwa bima. Akalipa bima, kikatakiwa cheti cha kuthibitisha kwamba mali si haramu. Kila malipo yanaitwa ya mwisho. Sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake imeshakwenda.

Nilimshauri aombe kuzungumza naye kwa video. Simu ikapigwa kweli! Uso ulionekana kidogo, midomo haiendi sawa na sauti, kisha ikakatika, ikasemekana mtandao mbovu. Kwa baba huo ukawa ushahidi kwamba mtu yupo. Nikampa habari iliyosambaa Januari 2025, ya mwanamke wa Ufaransa aliyetoa euro 830,000 kwa matapeli waliojifanya Brad Pitt, wakimtumia picha za kutengenezwa na akili bandia zinazomwonyesha mwigizaji huyo akiwa hospitalini. Baba akajibu kwamba yule alidanganywa na jina kubwa, wake ni muuguzi tu.

Habari hiyo ina upande mwingine ambao sikumwambia. Yule mama alipojitokeza kueleza yaliyomkuta, alidhihakiwa mtandaoni hadi kituo cha televisheni cha TF1 kikaiondoa taarifa yake. Ndiyo maana wengi huficha. Marekani peke yake, mwaka 2022, karibu watu 70,000 waliripoti utapeli wa aina hii, na hasara yao ilikuwa dola bilioni 1.3. Hao ni wale waliothubutu kusema, na siamini kwamba wote ni wajinga. Baba yangu si mjinga.

Kaka anataka tumnyang'anye simu. Mimi napinga, kwa sababu atanunua nyingine na safari hii hatatuambia lolote. Dada anasema tumwache, fedha ni zake. Kinachonitisha zaidi ni kwamba huyo "mchumba" alishatutangulia: alimwambia mapema kwamba watoto watampiga vita kwa tamaa ya urithi. Sasa kila tukisema neno, tunakuwa tumetimiza utabiri wake, na baba anazidi kumwegemea yeye.

Nimeamua kuandika sasa kwa sababu ombi limebadilika. Anamtaka baba apokee fedha za "mfadhili" kwenye akaunti yake ya benki, kisha azigeuze kuwa sarafu za kidijitali na kuzipeleka atakakoelekezwa. Baba anaona ni msaada mdogo usiomgharimu kitu. Mimi ninavyoelewa, huenda ni fedha zilizoibwa kwa watu wengine, na anayezipitisha anaweza kufungiwa akaunti au kushtakiwa kwa utakatishaji fedha, hata kama naye ametapeliwa.

Naomba unishauri. Je, nimweleze baba mdogo, ambaye wameshibana tangu utotoni, amkalishe chini kama mtu mzima kwa mtu mzima? Nahofia baba akijua nimetoa siri yake ataona nimemvunjia heshima. Au nitangulie benki kuwatahadharisha, ingawa akaunti si yangu na hakunituma? Na siku akikubali kwamba ametapeliwa, tumlindeje dhidi ya wale wanaojitokeza baadaye wakijiita mawakili au wapelelezi, wakiahidi kumrudishia fedha zake akilipa ada kwanza? Nasikia majina ya waliokwisha kuliwa huuzwa kutoka tapeli mmoja hadi mwingine, na baba atatamani sana kuamini kwamba hasara yake inarudi.

Tafadhali nijibu mapema, hizo fedha za "mfadhili" zinasubiriwa wakati wowote.

Ni mimi,
Binti mwenye wasiwasi