Na mapipa ya maji yahesabiwe

Mhariri,

Kila inapoandikwa habari ya mafuta ya Uganda na bomba la kilomita 1,443 linalotoka Hoima hadi hapa kwetu Chongoleani, hesabu huwa ya mapipa ya mafuta peke yake. Sisi tuliofanya kazi katika visima vya kusini mwa Oman tunajua kwamba kisima kadiri kinavyozeeka ndivyo maji yanavyozidi. Kule Nimr, kwa kila pipa la mafuta hupanda takriban mapipa 10 ya maji ya chumvi, ambayo ni lazima yatenganishwe na kurudishwa ardhini, au yapitishwe katika mashamba makubwa ya matete ili yasafike.

Tiba inayotajwa mara nyingi ni jeli. Polima iitwayo poliakrilamidi huchanganywa na maji na chumvi ya kromiamu, husukumwa kisimani ingali nyepesi, na joto la mwamba huigandisha ndani ya nyufa zinazopitisha maji. Sisi tuliijaribu kwanza katika chupa, ndani ya tanuri lenye joto sawa na la kisima, tukiipindua kila baada ya saa chache: mwanzoni ilimwagika kama uji wa mgonjwa, baadaye ikatoa ulimi mrefu mdomoni mwa chupa, na mwishowe ikang'ang'ania kitako isishuke kabisa.

Hata hivyo, niliwahi kushuhudia kisima kikipewa jeli iliyofaulu vizuri katika chupa, ilhali maji yake hayakupita katika ufa wowote bali yalikuwa yakipanda kutoka tabaka la chini kupitia vinyweleo vya mwamba. Baada ya wiki chache maji yalikuwa yamekizunguka kizuizi, na mafuta ndiyo yaliyopungua. (Muuza kemikali, bila shaka, alikwisha kulipwa.)

Mradi wa Tilenga, mmoja wa miradi ya mafuta hayo ya Uganda, umepangiwa visima zaidi ya 400, na vingine kati yake ni vya kusukumia maji chini ili yayafukuze mafuta. Maji hayo yatatafuta tabaka linalopitika kwa urahisi na kutokeza katika visima vya uzalishaji. Mchoro wa uwiano wa maji na mafuta, mwezi baada ya mwezi, husaidia kutambua kama maji yamepata njia ya mkato au yanapanda kutoka chini, lakini hauchoreki kwa takwimu zilizoanza kuwekwa baada ya kisima kuugua. Naomba wasimamizi wa sekta hiyo wachapishe mapipa ya maji ya kila kisima kando ya yale ya mafuta, tangu mwezi wa kwanza wa uzalishaji.

Fundi mstaafu wa visima,
Tanga