Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Upper Darby ni Kile Kilichobaki

Ndugu wanachama,

Kamati iliposafisha daftari la wanachama mwaka huu, safu ya makazi ndiyo iliyotutoa jasho. Karibu kila mtu ameandika "Upper Darby", mji wetu ulio jirani na Philadelphia, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Baadhi wanaishi huko kweli. Wengine wako Millbourne, Clifton Heights, Aldan, au Darby yenyewe, ambayo ni mahali pengine kabisa. Hatumlaumu mtu, maana ramani ya hapa imekatwakatwa kama kitenge cha fundi. Lakini anayekosea mji wake hukosea shule, kodi na kituo cha kupigia kura. Kwa hiyo taarifa ya mwaka huu inaihusu ramani hiyo.

Tuanze na majina. Pennsylvania haina ardhi isiyo na serikali ya mtaa. Ukivuka mpaka wa mji mmoja umeshaingia mwingine, iwe jiji, boro au taunshipu. Boro ni mji mdogo wenye baraza lake. Taunshipu zamani ilikuwa eneo la mashamba, ila jina limebaki hata pale mashamba yalipogeuka nyumba za safu. Jirani zetu wana Darby tatu: boro ya Darby, taunshipu ya Darby (yenye vipande viwili visivyogusana), na taunshipu ya Upper Darby. Ni serikali tatu tofauti katika kaunti moja ya Delaware. Barua ya baraza la moja haina uzito wowote kwa nyingine.

Upper Darby ina eneo la karibu maili 7.8 za mraba, yaani kilomita za mraba 20 hivi. Mashariki, kijito cha Cobbs Creek kinaitenga na Philadelphia. Upande wa magharibi hupita Darby Creek. Vijito hivyo hukutana kusini na kumwaga maji mto Delaware kupitia mabwawa ya Tinicum. Ardhi hapa ndipo mwamba mgumu wa bara unapoishia na tambarare ya pwani kuanzia, hivyo maji hushuka kwa kasi. Kasi hiyo ndiyo iliyoleta vinu vya nafaka na viwanda vya nguo, na vinu vikaleta vijiji.

Leo kasi hiyohiyo inaleta mafuriko kwenye vyumba vya chini. Naylors Run, kijito kinachoingia Cobbs Creek, kimefunikwa sehemu kadhaa na kupitishwa kwenye makalvati chini ya mitaa. Mvua ikizidi uwezo wa kalvati, maji hurudi juu kwa njia yoyote yanayoipata. Kabla ya kupanga au kununua nyumba yenye chumba cha chini, angalia ramani ya mafuriko ya FEMA, wakala wa maafa wa serikali kuu, kwa anwani kamili, kisha shika ukuta kwa mkono karibu na sakafu: mstari wa chumvi nyeupe au rangi inayobanduka husema mengi kuliko dalali. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Bima ya mafuriko ya serikali kuu kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua, kwa hiyo kuikimbilia dhoruba ikishatangazwa ni kuchelewa.

Kuhusu asili. Walenape ndio wenyeji wa kwanza. Waswidi walianzisha koloni lao mwaka 1638, Waholanzi wakalitwaa mwaka 1655, Waingereza wakafuata mwaka 1664. Kibanda kimoja cha magogo cha enzi ya Waswidi bado kimesimama Creek Road, Drexel Hill, ukingoni mwa Darby Creek. Kiendeeni taratibu mkitazame pembeni, magogo yanapopishana kwa kukatwa kidato na nyufa kuzibwa. Ni miongoni mwa nyumba za magogo za kale kabisa Marekani, na wanachama wengi hupita karibu nacho kila siku bila kugeuza shingo.

William Penn alipata hati ya koloni la Pennsylvania mwaka 1681. Mwaka uliofuata Wakweka, Wakristo wa dhehebu lake, wakaanzisha Darby, na mwaka 1736 sehemu ya juu ikatengwa ikawa Upper Darby. Kaunti ya Delaware ilimegwa kutoka kaunti ya Chester mwaka 1789, mwaka uleule alipozaliwa hapa Thomas Garrett. Huyu ni Mkweka ambaye baadaye, akiwa Wilmington, katika jimbo la Delaware, alisaidia watu wapatao 2,700 kutoroka utumwa. Alifariki mwaka 1871. Watoto wetu wanaosoma hapa wanapaswa kulijua jina lake pamoja na yale wanayoyakuta vitabuni.

Sasa tufike kwenye kiini. Vijiji vya vinu na vya reli vilivyokua vilitaka barabara, maji na taa, na wenye mashamba hawakupenda kuvilipia. Kimoja baada ya kingine vikajitenga na kuwa boro: Clifton Heights mwaka 1885, Lansdowne na Aldan mwaka 1893, Millbourne mwaka 1909, East Lansdowne mwaka 1911. Millbourne ilizunguka kinu cha unga cha ukoo wa Sellers. Mpaka leo haifikii hata sehemu moja ya kumi ya maili ya mraba, na sensa ya 2020 ilihesabu watu 1,200 hivi. Taunshipu ya leo ni kile kilichobaki baada ya wote hao kuchukua chao, na ndiyo maana umbo lake halifuati mantiki ya jicho.

Kilichobaki kikaja kuwapita kwa wingi wa watu wale waliotoka. Tarehe 4 Machi 1907 treni ya juu ya Market Street kutoka Philadelphia ilifika kituo cha 69th Street, ndani ya Upper Darby, na mwaka huohuo ikafunguliwa njia ya umeme inayokwenda Norristown hivi leo. Hapo 69th Street abiria lazima abadilishe. Njia ya Norristown ina reli za upana wa kawaida, milimita 1,435, wakati treni ya Market Street na tramu za Media na Sharon Hill zina reli pana zaidi, hivyo behewa la njia ile haliwezi kuendelea kwenye hii. Penye kushuka watu wengi hufunguliwa maduka, na mjenzi John McClatchy aliliona hilo mapema. Mwaka 1920 taunshipu ilikuwa na watu chini ya 10,000. Mwaka 1930 walizidi 46,000. Miaka kumi tu! Nyumba nyingi za safu tunazopanga leo zina mizizi katika wimbi hilo na lile la baada ya vita.

Kilele kilikuwa mwaka 1970, karibu watu 96,000. Kisha kaya zikawa ndogo na vijana wakahamia mbali zaidi, hadi 81,177 mwaka 1990. Tangu hapo idadi imepanda polepole: 82,795 mwaka 2010, na 85,681 mwaka 2020. Upper Darby ni ya sita kwa watu katika Pennsylvania nzima, ikiwa na msongamano wa karibu watu 11,000 kwa maili ya mraba. Waliorudisha ongezeko kwa sehemu kubwa ni wahamiaji: Wapunjabi, Wabangladeshi, Wavietnam, Waliberia na wengineo, nasi wasemaji wa Kiswahili tumo.

Ila sisi hatuonekani vizuri. Sensa ya kila miaka kumi haiulizi lugha. Lugha huulizwa kwenye utafiti wa sampuli unaofanyika kila mwaka, na hata huko Kiswahili kimewekwa kapu moja na lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini. Fomu ikifika kwako usiandike "Kiafrika". Andika Kiswahili, na kila mtoto ahesabiwe, hata mchanga wa wiki moja. Mwaka 2020, kwa makundi ya umri, walioachwa zaidi nchini kote ni watoto chini ya miaka 5, mara nyingi kwa sababu wanalala kwa bibi au shangazi na kila nyumba ikadhani nyingine imewaandika.

Turudi kwenye anwani. Msimbo wa posta ni njia ya mpeleka barua, hauonyeshi mpaka wa serikali. Drexel Hill ina msimbo wake, 19026, lakini haina baraza wala meya, kwa kuwa ni mtaa ndani ya Upper Darby. Msimbo 19018 ndio mtego mkubwa. Clifton Heights na upande wa Upper Darby wa Secane huenda wilaya ya shule ya Upper Darby, Aldan huenda wilaya iitwayo William Penn, na upande wa pili wa Secane ni taunshipu ya Ridley yenye shule zake. Msimbo mmoja, wilaya tatu. Wilaya ya William Penn ndiyo jina la kwanza katika kesi ya fedha za shule ambayo mahakama ya jimbo iliamua Februari 2023, ikisema mfumo wa ugawaji unakiuka katiba ya Pennsylvania. Mistari iliyochorwa mwaka 1893 bado inagawa madaftari ya watoto.

Njia ya uhakika ni bili ya kodi ya nyumba, ambapo manispaa na wilaya ya shule huandikwa kwa jina. Mpangaji amwombe mwenye nyumba nakala. Wenye nyumba wakumbuke kwamba bili ya kaunti na ya taunshipu huja mwanzoni mwa mwaka, ya shule huja Julai. Ukilipa ndani ya miezi miwili unapunguziwa asilimia 2. Ikipita minne kuna faini, inayoweza kufika asilimia 10. Maombi ya nafuu kwa nyumba unayoishi mwenyewe hufungwa tarehe 1 Machi.

Anayefanya kazi Philadelphia hukatwa kodi ya mshahara ya jiji hata akiishi huku, ila kwa kiwango cha asiye mkazi, ambacho ni kidogo. Tatizo huja mtu anapohama kutoka West Philadelphia kuja huku bila kumwarifu mwajiri, akaendelea kukatwa cha mkazi. Badilisha anwani kwa maandishi, tunza hati za mshahara, na dai marejesho kabla miaka mitatu haijapita.

Fomu mpya ya daftari ina safu mbili: ya posta, na ya manispaa. Katibu hatapokea fomu yenye safu ya pili tupu.