Safari ya kuliona gari la Mwalimu: siku mpya na michango

Ndugu wanakikundi, mafundi wa bodi na rangi, habari za jioni.

Safari yetu ya Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam, imesogezwa mbele kwa siku moja: tutaondoka stendi ya Nyegezi, Mwanza, Alhamisi tarehe 14, saa 11:00 alfajiri, kwa kuwa basi la Jumatano limejaa.

Tunakwenda kuliona gari la Rolls-Royce lililotumiwa na magavana wa Kiingereza na baadaye na Mwalimu Nyerere. Kwa miaka mingi kampuni hiyo iliuza chesisi (fremu ya chini inayobeba gari) na injini tu, na bodi ikaundwa na mafundi wengine kwa agizo la mnunuzi. Ndiyo maana nawaomba, hasa vijana wanaojifunza, mlitazame polepole. Nilipoliona mara ya kwanza nilisimama muda mrefu mbele ya vile vyuma vya wima vya grili yake ya mbele, nikiifikiria mikono iliyovinyoosha. Picha ya simu haikupi hilo.

Mchango ni shilingi 210,000 kwa kila mmoja, za nauli ya kwenda na kurudi, malazi na kiingilio. Mweka hazina atapokea hadi Jumapili tarehe 10, siku ambayo pia tutakutana gereji ya Mabatini saa 10:00 jioni. Asiyeweza kutoa zote kwa mkupuo anipigie, tutapanga.

Tafadhali kila mmoja aandike hapa "Nipo" au "Sitaweza" kabla ya Ijumaa saa 2:00 usiku, ili niwahi kushika viti.

Katibu wenu